Sentimita 11

Kuna sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Ni mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya lami, krrrrr, unaoanzia chini ya kiti chako na kupanda hadi kwenye meno. Mimi niliusikia mara ya kwanza kama mita 300 kutoka mahali nilipolinunua gari. M-Pesa ya malipo ilikuwa hata haijapoa kwenye simu ya muuzaji.

Lilikuwa Impreza kuukuu la buluu, mtumba wa Japani uliopitia mikono ya watu kadhaa Nairobi kabla ya kunifikia. Mmoja wao alikuwa amelishusha. Springi za kiwandani zilitolewa zikawekwa fupi, na ndai ikakaa chini kama paka anayemvizia njiwa. Sitadanganya, hiyo ndiyo sababu niliinunua. Muuzaji alinikabidhi funguo, akanitazama kwa huruma kidogo, akasema, "Buda, tuta usiingie nayo moja kwa moja. Ingia na kona. Taya moja moja."

Nilidhani ananipa maarifa ya mtaani tu. Baadaye, nilipoanza kusoma (na nilisoma sana, kwa sababu gari lililoharibika sampu hukupa muda mwingi wa kukaa nyumbani), niligundua kwamba hayo ni mabishano yaliyoanza zamani kabla ya babu yangu kuzaliwa. Upande mmoja yuko anayejenga tuta. Upande wa pili yuko anayetaka gari lake liibusu barabara. Na katikati, kwa kisa changu mimi, yuko Mama.

Tuta ni kongwe kuliko wengi tunavyofikiria. Mwaka 1906, katika mji mdogo wa Chatham, jimbo la New Jersey, Marekani, wenyeji walichoka na madereva waliopita kwa kasi kuelekea kwingine. Wakaamua kuinua vivuko vya watembea kwa miguu juu ya barabara kwa inchi 5, ambazo ni kama sentimita 13. Gari la zama hizo lilikuwa na magurudumu membamba na springi za kigari cha farasi, kwa hiyo ukiliingiza kwenye kivuko kile bila kupunguza mwendo, mgongo wako ndio uliolipa faini. Liweke akilini hilo la inchi 5, tutalirudia.

Kisha anakuja mtu ambaye hukumtarajia kwenye hadithi hii. Arthur Holly Compton alikuwa mwanafizikia. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kuonyesha jinsi miale ya eksirei inavyobadilika inapogonga elektroni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliongoza maabara ya Chicago ambako, tarehe 2 Desemba 1942, mnyororo wa kwanza wa kupasua atomu uliotengenezwa na binadamu uliwashwa na kuzimwa. Yaani ni mmoja wa wale waliofungua mlango wa bomu la nyuklia. Vita vilipoisha alikwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, na huko akakutana na tatizo lililomkera: madereva walipita kasi mno mbele ya jumba la Brookings, pale chuoni. Mwaka 1953 akaketi akachora tuta.

Nampenda mzee huyu kwa hilo. Ameshughulika na atomu, ameshauriana na majenerali, halafu anapiga hesabu ya tuta. Na hakulichora kwa kubahatisha. Alitaka umbo ambalo ukilipita polepole hulisikii, ukilipita mbio linakurusha. Ukifikiria vizuri, hiyo ndiyo kazi yote ya tuta, kuwatofautisha madereva hao wawili. Tuta linalomkwaruza anayekwenda polepole na anayekwenda mbio sawasawa limefeli mtihani, hata likiwa refu kama ukuta.

Waingereza walilichukua suala hili wakalifanya sayansi ya serikali. Kwao tuta linaitwa polisi aliyelala, jina ambalo Nairobi lingetuchekesha, maana huyu wa lami ndiye polisi wa pekee barabarani ambaye huwezi kumpa kitu kidogo. Mwaka 1973 mtafiti wa maabara yao ya barabara, aliyeitwa Watts, alichapisha matokeo ya majaribio ya matuta ya maumbo mbalimbali, yaliyopitiwa na magari madogo, mabasi, malori na pikipiki. Umbo lililoshinda likabaki na jina lake. Lina urefu wa mita 3.7 ukifuata mwelekeo wa gari, kimo cha sentimita 10, na mgongo wa mviringo kama kipande cha duara kubwa. Mwaka 1975 likawekwa kwa majaribio kwenye barabara ya umma huko Oxford, katika mtaa wa Blackbird Leys, mtaa wa wafanyakazi, wengi wao wa kiwanda cha magari. Wao wenyewe walitengeneza magari mchana, jioni wakayapunguzia kasi milangoni pao.

Hapa nitaomba uvumilivu, maana kuna hesabu, na ni hesabu iliyonibadilisha mawazo.

Impreza langu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ni kama mita 2.5. Tuta la Watts ni mita 3.7. Tuta ni refu kuliko nafasi ya magurudumu, kwa hiyo ninapofika kileleni magurudumu yote manne yako juu yake. Limeniinua mzima mzima. Mgongo wake unaochomoza kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma haufiki hata sentimita 5. Gari langu, nilipolipima siku fundi alipoliweka sawa, lilikuwa na sentimita 11 kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo. Kwenye tuta la Watts ningepita nikipiga mluzi.

Sasa njoo kwetu. Tuta la mtaani ni fupi. Lile lililo kwenye barabara ya kuingia estate yetu nililipima kwa futi ya fundi jioni moja, watoto wamenizunguka wakiuliza kama mimi ni wa serikali. Kimo sentimita 13, upana sentimita 90. Ndizo zile inchi 5 za Chatham, miaka mia moja na ushei baadaye. Tuta la sentimita 90 linaingia lote katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele yameshashuka, ya nyuma hayajapanda, na kilele chote cha sentimita 13 kinakutana na tumbo la sentimita 11. Hapo hata uende mwendo wa kobe. Kasi haina habari tena. Krrrrr.

Ndiyo maana ya kona. Ukiliingia tuta kwa kulala upande, karibu nyuzi 45, magurudumu hayashuki kwa pamoja. Tumbo linapofika juu ya kilele, gurudumu moja la mbele na lile la nyuma la upande wa pili bado yako kwenye mteremko wa tuta, moja likishuka na jingine likipanda, na hayo mawili yanalinyanyua gari. Kwa tuta letu nilipata kama sentimita 4 za kunyanyuliwa. Ondoa 4 kwenye 13, inabaki 9. Nina 11. Napita. Yule muuzaji hakuwa amesoma hesabu yoyote, lakini alikuwa sahihi, na mwili wa gari lake la zamani ndio uliomfundisha.

Kuna mengine aliyosahau kunieleza, nikayalipia. Breki unapiga kabla ya tuta, halafu unaachia gurudumu linapoanza kupanda. Ukishikilia breki ukiwa unapanda, pua ya gari inainama, na pua ndiyo iliyobeba ile midomo ya plastiki uliyoinunua Grogan kwa pesa ya kodi ya nyumba. Usitoke kwenye tuta kwa gesi pia, maana gari linakalia mkia na egzosi inagusa. Acha gari lijiviringe lenyewe. Na abiria washuke. Weka watu wanne wazima ndani, springi zinabonyea sentimita mbili tatu, na zile 11 zako zimekuwa 8. Hakuna kona itakayokuokoa hapo. Nimewahi kuwashusha wasee wanne kwenye tuta saa saba za usiku tukitoka out, wakatembea hatua kumi huku wanalaani, wakaingia tena. Tuta lililofuata lilikuwa mita 80 mbele.

Lakini mbona ujitese hivyo? Swali zuri, na wengi wameniuliza, akiwemo Mama. Jibu langu linapitia California.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika mitaa ya mashariki ya Los Angeles walianza kununua Chevrolet za mtumba. Vijana wazungu wa wakati huo walitaka magari ya mbio, yaliyoinuliwa nyuma na kuondolewa kila kilicho kizito. Hawa wakafanya kinyume. Waliweka magunia ya mchanga kwenye buti ili gari likae chini. Wengine wakakata springi. Kisha Jumapili wakatoka Whittier Boulevard, rangi inang'aa, mwendo wa mtu anayetembea, wakionekana. Falsafa yao ilikuwa chini na taratibu. Katika mji ambao polisi waliwasimamisha bila sababu na magazeti yaliwaita wahuni, kupita polepole mbele ya kila mtu ukiwa umependeza ilikuwa namna ya kusema tupo, na hatuna haraka ya kuondoka.

Serikali ya jimbo ikajibu. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya magari ya California ilikataza gari lililorekebishwa kuwa na sehemu yoyote ya mwili iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu zake. Polisi akawa na sababu ya kukusimamisha, tena ya kupimika kwa rula. Kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre, ambaye Corvette yake ilikuwa chini mno kwa sheria ile, akapata wazo mnamo 1959. Alifunga pampu za haidroliki zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege kwenye magurudumu ya mbele, akaweka swichi ndani. Polisi akitokea, gari linainuka. Akipita, linashuka tena.

Kila gari la muziki uliloliona likirukaruka kwenye video limetokana na swichi ile. Mimi nililiona kwanza kwenye video ya "Still D.R.E." ya mwaka 1999, kwenye TV ya jirani, nikiwa mdogo sana kuelewa maneno lakini si mdogo kuelewa Impala. Halafu ikaja GTA San Andreas mwaka 2004, ambapo unaweza kushindana kurusha gari kwa muziki, na cyber ya mtaa wetu ikajaa watoto waliotoroka tuition. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile ngoma ya gari ilizaliwa kwa sababu ya rula ya polisi. Marufuku ile ilidumu zaidi ya miaka 65. Ilifutwa na sheria iliyotiwa saini mwaka 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, sheria ambayo pia iliondolea miji ya California mamlaka ya kupiga marufuku msafara wa taratibu.

Kwa hiyo gari la chini lina ukoo wake, na ukoo wenyewe ni wa watu walioambiwa wasionekane. Nilipoujua nilijivuna. Nilianza kulizungumzia Impreza langu kama mtu anayezungumzia harakati za ukombozi.

Shida ni kwamba Nairobi tulipokea nusu ya urithi. Magari yetu ya chini hayakutoka moja kwa moja Los Angeles. Yalipitia Japani, na yalipitia sinema, The Fast and the Furious ya 2001 na ile ya Tokyo ya 2006, na katika kupitia huko lile "taratibu" likadondoka njiani. Tukabaki na "chini" peke yake, tukaliongezea mbio. Subaru yenyewe tulishaipenda kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza, gari lililoinuliwa juu likiruka mashimo na matope, na kila mzazi wa Nairobi mwenye umri fulani atakuambia aliliona kwa macho yake. Halafu sisi watoto wao tukalichukua gari lile lile lililozaliwa kwa vumbi, tukalishusha mpaka haliwezi kupita mbele ya shule.

Na hata katika hilo sisi ni wachache. Wakenya wengi wenye akili timamu hufanya kinyume. Wananunua Vitz au Fielder kutoka bandarini Mombasa, na kabla hata ya kuweka bima kubwa wanakwenda gereji kuwekewa spesa liinuke. Fundi wangu huinua magari sita kwa kila moja analoshusha. Siku nilipomuuliza maoni yake alinijibu akiwa chini ya gari, "Bosi, mimi ni fundi. Ukitaka niitoe taya zote ukae kwa rimu, nitaitoa. Lakini nitakuchaji."

Sasa nimfikie Mama.

Mama ana magoti mabaya. Kila mwezi nampeleka kliniki, na kwa mwaka mzima wa kwanza wa gari lile utaratibu wetu ulikuwa hivi: tunafika kwenye tuta la estate, lililo mbele ya lango la shule ya msingi, nasimama, yeye anafungua mlango, anajivuta kutoka kwenye kile kiti kilicho karibu na ardhi, anatembea hadi upande wa pili. Mimi navuka kwa kona, nampakia. Kwenda na kurudi. Hakulalamika kamwe. Akina mama wa estate walinitazama, nikajifanya nashughulika na kioo.

Wakati huo tulikuwa na kundi la WhatsApp la wenye magari ya chini mtaani, watu kama kumi na wawili. Kilio chetu kikuu kilikuwa lile tuta. Mmoja alikuwa amepasua sampu juu yake, mafuta ya injini yakamwagika hadi kwenye geti la shule. Mwingine alibomoa bampa mara mbili. Likaja wazo, na sikumbuki nani alilianzisha, ingawa nakumbuka nililiunga mkono kwa emoji ya mwanamieleka: tuchange thao moja moja, tutafute vijana wawili wa mjengo wenye sululu, usiku mmoja walichonge lile tuta. Si kuling'oa, tulijiambia. Kulichonga tu, litoke 13 liwe 6. Nani atajua? Nikatuma thao yangu.

Nilimwambia Mama siku ya kliniki, tukiwa tunakaribia tuta. Nilimwambia kama zawadi. "Mama, mwezi ujao hutashuka tena hapa." Nikamweleza.

Akashuka kama kawaida. Nikavuka kwa kona kama kawaida, nikasimama mbele kumngoja. Hakuja. Nilipotazama kwenye kioo alikuwa bado amesimama kando ya tuta, mkono kwenye ukuta wa shule. Nikarudi kwa miguu.

"Baba," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nilipewa jina la babake. "Unajua hili tuta nani alilijenga?"

Nikasema kaunti. Wakati ule kaunti hazikuwepo, akasema. Wakubwa wa wakati ule walikuja baadaye kupiga lami juu yake ili waseme ni lao. Akanielezea. Mvua za El Niño, zile za 1997 kuingia 1998, ziliifanya barabara ile kuwa mashimo matupu, na gari lolote lililopita lilipita likichechemea. Kisha ikatengenezwa. Lami mpya, nyeusi, tambarare. Wote walifurahi. Matatu ambazo zilikuwa zikichukua dakika ishirini kufika stage zikachukua tano. Kabla ya muhula wa kwanza kuisha, mtoto wa darasa la pili akagongwa pale mbele ya lango saa saba mchana, akitoka kwenda nyumbani kula. Alikuwa mtoto wa mwanamke waliyeuza naye mboga meza moja.

Sikuwahi kumsikia Mama akiitaja siku hiyo. Alisema waliomba tuta kwa barua, wakaambiwa wangoje bajeti. Wakaomba tena. Asubuhi moja akina mama wakatoka na mawe na magogo wakaketi barabarani, yeye akiwa ameniacha kwa jirani. Matatu zikageuka. Askari wakaja, wakaongea, wakaondoka. Jioni yake mafundi wa mjengo wa pale mtaani, waume zao na ndugu zao, wakaleta kokoto na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye kazi zao. Hakuna aliyekuwa na mchoro. Hakuna aliyejua Watts wala Compton. "Tulipima hivi," Mama akasema, akaweka kiganja chake wima kwenye mguu, juu kidogo ya kifundo. "Tukasema hapa, hakuna matatu itapita bila kusimama."

Nilitazama kile kiganja. Zilikuwa sentimita 13, bila shaka yoyote.

Kliniki tulichelewa siku hiyo.

Ningependa kusema kwamba nililiuza gari. Sikuliuza. Ninalipenda bado, na sioni kwa nini nijifanye. Lakini ile thao niliirudisha kwenye mjadala. Niliandika kwenye kundi hadithi nzima, jinsi nilivyoisimulia hapa, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kisha msee mmoja akasema pole kwa mama huyo, lakini hiyo ilikuwa zamani, siku hizi kuna alama na watu wana akili. Mwingine akamwuliza kama amewahi kuona nganya ikisimama kwa sababu ya alama. Walibishana hadi usiku. Nchi hii hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi katika hao ni wanaotembea kwa miguu. Hata Thika Road, ile barabara kuu tuliyoizindua kwa mbwembwe Novemba 2012, haikukaa sana kabla ya matuta kuota juu yake, kwa sababu watu walihitaji kuvuka na magari hayakuwa na nia ya kuwangoja. Kila tuta baya unalolikuta mahali pa ajabu, uliza wenyeji. Mara nyingi utapewa jina la mtu.

Kilichotutoa kwenye ubishi ule ni ile hesabu. Niliichora kwenye karatasi ya daftari nikaipiga picha nikaituma. Tuta letu likichongwa liwe 6, sisi tutapita na matatu nazo zitapita mbio. Likiachwa kimo cha Watts, 10, lakini lirefushwe kutoka sentimita 90 hadi karibu mita 4, gari la chini linapita taratibu bila kugusa, na nganya ikiingia na kasi itawarusha abiria mpaka darini. Akina mama wanabaki na tuta lao. Sisi tunabaki na sampu zetu. Ambulensi pia inapita bila kumvunja mgonjwa, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria mpaka Mama alipouliza.

Mtu wa kwanza kukubali alikuwa yule aliyemwaga mafuta pale getini.

Tuliandika barua. Kuchezea barabara ya umma mwenyewe ni kosa, iwe unaongeza au unapunguza, na baada ya kuwasikia akina mama wa 1998 tulikuwa tumepoteza hamu ya sululu. Mwalimu mkuu alitia saini. Mama alitia saini, na wenzake wanne waliokaa juu ya yale magogo. Yule mwuza mboga alitia saini mwisho, akauliza mara mbili kama kweli halitaondolewa, nikamwonyesha mchoro, akaushika muda mrefu kabla ya kunirudishia. Zile pesa za sululu zilifanya kazi ya kuchapisha na nauli. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na tukaambiwa, kama walivyoambiwa wao, tungoje bajeti.

Kwa hiyo tuta bado liko, na mimi bado napita kwa kona. Kupita kwa kona kuna ubaya mmoja ambao muuzaji wangu hakuutaja, nao ni kwamba unahitaji barabara nzima. Unalala kutoka kushoto hadi kulia, bodaboda nyuma inapiga honi, Probox inayokuja mbele haina mpango wa kupunguza, na wewe uko juu ya kilele na magurudumu mawili ndiyo yanayokushikilia.

Mama amelitatua hilo kivyake. Siku za kliniki anashuka kabla ya tuta, kama zamani, lakini sasa havuki. Anatembea hadi katikati ya barabara na yale magoti yake, anainua mkono mmoja kuizuia Probox, na kwa ule mwingine ananiita nije, polepole, nije, nije, huku akiinama kuangalia chini ya gari. "Bado kidole kimoja," ananipigia kelele. "Achia breki, baba. Achia."